Al-Zahrawi: Tabibu Aliyekiri Asichokiweza



Ndugu zangu katika imani, nilipoombwa kuandika katika safu hii ya wanazuoni waliotangulia, wengi walitarajia nimchague Ibn Sina, kwa kuwa nasoma udaktari. Nimemchagua Abu al-Qasim Khalaf bin Abbas al-Zahrawi, na sababu yangu inaanzia nyumbani kwetu Buyenzi.

Mama yangu mdogo ana ualbino. Tangu nikiwa mtoto amekuwa akiuza mboga sokoni, juani. Nilipokuwa mwaka wa tatu niliona ana kidonda kidogo shavuni kisichopona, anakifunika kwa poda. Akaniuliza ni kitu gani. Sikujua, lakini niliona haya kusema sijui mbele ya mtu anayeniita daktari. Nikamwambia apake mafuta ya dawa. Miezi ikapita. Ni katika miezi hiyo nilipokutana na al-Zahrawi maktabani.

Mwaka 936, sawa na 325 Hijria, Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu alianza kujenga mji wa Madinat al-Zahra, kilomita chache kutoka Cordoba, katika Andalusia. Al-Zahrawi alizaliwa karibu na mwaka huo, na jina lake linatokana na mji huo. Waandishi wa wasifu walimwandikia mistari michache tu. Tunachokijua zaidi juu yake tunakipata katika kitabu chake, al-Tasrif, alichokimaliza karibu na mwaka 1000 baada ya kutibu watu kwa miaka mingi.

Kitabu hicho kina makala 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, nayo ina milango mitatu: kuchoma kwa chuma cha moto, kupasua kwa kisu, na kuunga mifupa. Ndani yake alichora vyombo vya kazi yake vipatavyo 200, kila kimoja na umbo lake, ili mwanafunzi aweze kumpelekea mhunzi amtengenezee. Anawaita wanafunzi wake wanangu, na kweli anazungumza nao kama baba.

Mwanzoni mwa makala hiyo analalamika kwamba upasuaji umekaribia kutoweka katika nchi yake, kwa sababu watu wanashika kisu bila kujua maumbile ya mwili. Anasimulia alivyomwona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke mmoja. Yule tabibu alikata mishipa ya damu, na mama wa watu akavuja damu mpaka akafa pale pale mbele yake. Al-Zahrawi hakuificha habari hiyo ili kulinda heshima ya matabibu. Aliiweka mwanzoni kabisa ili kila atakayejifunza upasuaji aanze na kifo hicho. Kisha akawausia wanafunzi kwamba tahadhari yao iwe kubwa kuliko tamaa yao.

Mambo ya ngozi anayaeleza kwa makini. Kuondoa aina moja ya chunjua alitumia bomba la unyoya wa bata bukini, au bomba la shaba au la chuma. Aliliweka juu ya chunjua hadi likaizunguka, akalibana na kulizungusha mpaka likakata pande zote, kisha akaing'oa na mzizi wake. Leo madaktari wa ngozi wana kisu kidogo cha mviringo wanachokizungusha vivyo hivyo kuchukua kipande cha ngozi kwa ajili ya vipimo. Nilipokishika mara ya kwanza nilimkumbuka yeye.

Juu ya saratani anasema mambo mawili. La kwanza: ikiwa ni changa na ndogo, na iko mahali inapoweza kutolewa yote, basi itolewe. Ivutwe kwa ndoana, ikatwe kwa kuizunguka pamoja na ngozi ya pembeni, isibaki hata mizizi yake. La pili: ikiwa imekua na kukaa muda mrefu, tabibu asiisogelee. Hapo anakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumponya mgonjwa wa namna hiyo hata mmoja, wala hakumwona mwingine aliyefaulu.

Niliposoma maneno hayo nilifunga kitabu. Tabibu mkubwa wa zama zake alikiri mbele ya wanafunzi wake kwamba hawezi, nami mwanafunzi wa mwaka wa tatu nilishindwa kukiri mbele ya mama mdogo kwamba sijui.

Tusimkweze kupita kiasi. Kama matabibu wengi wa zama zake, aliamini kwamba saratani inatokana na nyongo nyeusi. Hakuwa na hadubini ya kuonyesha kama ncha za jeraha zimesafika. Jambo hilo lilingoja sana. Ni katika miaka ya 1930, huko Marekani, daktari Frederic Mohs alipoanza kukata saratani ya ngozi tabaka kwa tabaka, akiangalia kila tabaka kwa hadubini mpaka asione tena dalili yake. Lakini shabaha ni ile ile: itolewe mapema, itolewe yote.

Makala ya 19 ya kitabu hicho inahusu manukato na vipodozi, yaani utunzaji wa nywele, ngozi na meno. Kwa al-Zahrawi urembo ulikuwa sehemu ya utabibu, na ulihitaji elimu ile ile. Dada zangu, na kaka pia, hapo tujiangalie. Hosteli zetu zimejaa krimu za kung'arisha ngozi zisizo na maelezo yoyote, na baadhi ya krimu za aina hiyo zina zebaki. Ngozi ni amana, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa mzito. Fitna ilizuka Andalusia, Waislamu wakapigana wao kwa wao, na Madinat al-Zahra ikaporwa na kubomolewa. Al-Zahrawi alifariki karibu na mwaka 1013. Mji ulikufa, kitabu kikabaki. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliitafsiri makala ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na madaktari wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi.

Wiki ile ile nilirudi Buyenzi. Nilimwambia mama mdogo kwamba nilimjibu bila kujua, na nikamwomba radhi. Tukaenda pamoja kwa daktari bingwa wa ngozi. Kipande kilichukuliwa, majibu yakaja kuwa ni saratani, na akapasuliwa. Kovu lake ni refu kuliko lingekuwa kama ningesema ukweli siku ile ya kwanza. Lakini yuko hai, alhamdulillah. Bado anauza mboga, sasa chini ya turubai, na kofia pana juu ya mtandio.

Ukiona kidonda kisichopona, au alama ya ngozi inayobadilika, usiifunike kwa poda. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui, kisha umsindikize mwenzako kwa anayejua.

Allah amrehemu al-Zahrawi, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.