Millikan: aliyethibitisha asichokiamini

Mwaka 1905 Albert Einstein alidai kwamba mwanga husafiri kwa vifungu vya nishati. Robert Millikan, Mmarekani aliyezaliwa Illinois mwaka 1868, hakukubali. Kwa takriban miaka kumi huko Chicago alijaribu kuonyesha kosa. Alikwangua sodiamu ndani ya chupa isiyo na hewa, akaimulika, akapima nguvu ya elektroni zilizochomoka. Mwaka 1916 alitangaza: hesabu ya Einstein ni sahihi, ila vifungu hivyo havipo. Yaani mizani aliikubali, mzigo akaukataa! Wengi walibisha vilevile hadi Arthur Compton alipopima eksirei mwaka 1923, mwaka ambao Millikan alipata Nobel. Katika kitabu cha maisha yake cha 1950, miaka mitatu kabla ya kifo chake, aliandika kana kwamba hakuwahi kubisha.