Li Shizhen, munganga aliyepanda mlima kutafuta dawa ya kweli ya muwasho

Mtu mwenye kuwashwa mwili mzima halali. Anajikuna mpaka ngozi inatoka damu, na asubuhi yake yuko tayari kununua dawa yoyote anayoonyeshwa sokoni. Ni vile kwetu, na ilikuwa vile kule China zaidi ya miaka 450 iliyopita, katika muji wa Qizhou, kando ya mto Yangtze, sehemu ambayo leo ni jimbo la Hubei. Pale dawa yenye sifa kubwa ya muwasho ilikuwa nyoka mkavu. Shida ni kwamba nyoka wengi waliouzwa hawakuwa wale wenye sifa.

Li Shizhen alizaliwa katika muji huo mwaka 1518. Babu yake alikuwa munganga wa kutembea kijiji kwa kijiji. Baba yake, Li Yanwen, naye alikuwa munganga, tena mwenye kuheshimiwa. Lakini wakati ule kazi ya kutunza wagonjwa haikuwa na cheo, na baba alitaka mtoto wake awe mtu wa serikali. Njia ilikuwa moja: mitihani. Li alifaulu ule wa kwanza akiwa na miaka 14, halafu ule wa jimbo ukamushinda mara 3. Mzazi yeyote ambaye mtoto wake amerudilia EXETAT anaelewa huzuni iliyokuwa ndani ya nyumba ile.

Akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alishikwa na kikohozi na homa iliyokataa kupona, mpaka watu wakafikiri anakufa. Baba yake akachemsha mzizi mumoja tu, unaoitwa huangqin, akamunywesha, na homa ikashuka. Kisha mtihani wa tatu kumushinda, akaachana na mambo ya cheo na kufuata kazi ya baba.

Alipoanza kutunza wagonjwa mwenyewe, aliona kitu cha kuogopesha. Vitabu vya dawa vilivyotumiwa na waganga vilikuwa na makosa mingi. Mti mumoja ulikuwa na majina mawili, miti miwili ilikuwa na jina moja, na mahali pengine sumu ilisifiwa kama chakula. Munganga anasoma, mwenye duka anapima, mgonjwa anakunywa, na kosa linaishia tumboni mwa mgonjwa. Mwaka 1552 Li akaanza kuandika kitabu chake. Hakujua kama kitamuchukua miaka 27.

Turudi kwa yule nyoka. Waganga wa China walisema muwasho unaletwa na upepo. Si upepo wa mashetani, jamani; walimaanisha kitu kinachoingia katika ngozi kutoka nje na kuhamahama, leo kiko mkononi, kesho mugongoni, kama vile vipele vya kuwasha vinavyofanya. Nyoka wa Qizhou, mwenye mwili mweusi na mapambo meupe, alisifiwa kwamba anafukuza upepo huo. Walimutumia kwa muwasho wa ghafla, kwa upele, hata kwa ukoma. Serikali ilimudai, matajiri walimutafuta, na bei ikapanda.

Li alipochunguza wale wa sokoni, akagundua kwamba wengi walitoka milima ya mbali, upande wa kusini wa mto. Hakutosheka na maneno ya wauzaji. Alifuata wawinda nyoka mpaka mlimani, akaangalia kwa macho yake. Aliona nyoka akiwa kwenye mti fulani wa kutambaa, na mwindaji akimurushia mchanga ili ajikunje asisogee, kisha akamukamata kwa fimbo yenye panda. Aliona wanavyomupasua, wanavyomukunja na kumukausha. Akaandika alama zote: mistari 24 yenye umbo la almasi ubavuni, meno 4 marefu, na hii ambayo hata mtu asiyesoma angeweza kuitumia: nyoka wa Qizhou akikauka, macho yake hayazami.

Leo munganga wa hospitali hatakuandikia nyoka, na ni sawa. Lakini ile shida ya dawa isiyo yenyewe bado iko. Mwaka 1999, waganga wa London walipima aina 11 za mafuta ya kupaka yaliyouzwa kama dawa ya majani ya Kichina kwa ugonjwa wa ngozi. Katika 8 walikuta deksametazone, dawa kali ya kiwandani ambayo haikutajwa. Mgonjwa anasifu majani, kumbe ni kitu kingine kinachofanya kazi, na hicho kinaharibu ngozi kikipakwa muda mrefu, zaidi ya yote ngozi ya mtoto.

Kitabu cha Li kina dawa zingine nyingi za muwasho. Kuna kushen, mzizi mchungu wa kuchemsha na kuoshea ngozi. Kuna salfa, ule unga wa njano, kwa upele, na hiyo waganga wa leo bado wanaitumia kwa upele, hata kwa watoto wadogo. Juu ya zebaki alikuwa mukali: wengine waliinywa ili wasife, naye akaandika wazi kwamba ni sumu na imeua watu. Si kwamba hakukosea. Alikubali, kama watu wa wakati wake, kwamba vimulimuli vinazaliwa na majani yaliyooza. Kupima kila kitu kwa macho kulimushinda mahali pengine.

Mwaka 1578 akamaliza. Kitabu, Bencao Gangmu, kina dawa 1.892, na 374 kati yazo ameziongeza yeye. Lakini nani atakichapa? Li hakuwa na cheo wala feza. Mwaka 1580 alienda kwa Wang Shizhen, mwandishi mwenye jina kubwa, kumuomba maneno ya utangulizi. Akangoja miaka 10 kuyapata. Mwishowe mchapaji wa Nanjing, Hu Chenglong, akakubali. Kuchonga mbao za kuchapia kulichukua muda murefu, na Li akafa mwaka 1593 kabla kitabu hakijatoka. Kilitoka 1596. Mtoto wake Jianyuan akakipeleka kwa mfalme, na pale ikulu kikapokelewa na kuwekwa pembeni.

Waganga na wenye maduka ya dawa njo walikisambaza. Kilichapwa tena na tena, kikavuka bahari mpaka Japani. Kaburi la Li liko kwao, karibu na ziwa Yuhu, pembeni ya kaburi la wazazi wake.