Frederic Bartlett, msomi aliyechunguza jinsi binadamu anavyokumbuka

Mwaka 1929 msomi mmoja wa Uingereza alizuru Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini. Huko alikutana na mchunga ng'ombe aliyeombwa kueleza juu ya mifugo ambayo mwajiri wake aliinunua mwaka mmoja kabla. Bila karatasi mkononi, mchungaji huyo alitaja wanyama mmoja mmoja, rangi zao, bei zao na waliowauza. Maelezo yake yalipolinganishwa na daftari la mwenye mali, yalipatikana makosa mawili tu, nayo madogo.

Msomi huyo alikuwa Frederic Charles Bartlett, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1886 katika mji mdogo wa Stow-on-the-Wold. Ugonjwa alioupata ujanani ulimfanya asomee nyumbani kwa muda mrefu. Hata hivyo, alifika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaongoza maabara ya saikolojia kuanzia mwaka 1922, na mwaka 1931 akawa profesa wa kwanza wa saikolojia ya majaribio chuoni hapo.

Zama hizo wataalamu wengi walipima kumbukumbu kwa kuwakaririsha watu silabi zisizo na maana. Bartlett aliona kwamba maisha hayaendi hivyo. Aliwapa watu wa Cambridge ngano ya wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, juu ya vijana wawili na vita vya mizimu, kisha akawataka waisimulie upya baada ya dakika, siku, miezi na hata miaka. Kila iliposimuliwa, ngano ilifupika na kubadilika. Mtumbwi ukawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mambo ya mizimu yakaachwa au yakapewa maelezo ya Kiingereza. Wasimulizi hawakukusudia kudanganya. Walijaza mapengo kwa yale waliyoyazoea kwao.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1932 katika kitabu kilichompa sifa duniani. Hoja yake ilikuwa kwamba akili haihifadhi mambo kama ghala lihifadhivyo magunia. Anayekumbuka huyajenga upya yaliyopita kwa mabaki machache, akiongozwa na mila, hisia na mambo anayoyajali.

Walowezi wa Swaziland waliamini kwamba Waafrika wamejaliwa kumbukumbu isiyo ya kawaida. Bartlett hakuridhika na dhana hiyo. Alimpa mvulana mmoja ujumbe mfupi aupeleke upande wa pili wa kijiji. Mvulana akaufikisha huku ameacha mambo muhimu, si kwa ubora kuliko mtoto wa Uingereza wa rika lake. Siri ya mchungaji, basi, haikuwa katika damu. Kwa Waswazi ng'ombe ni utajiri, ni mahari, ni heshima, na binadamu hushika barabara yale yanayogusa maisha yake.

Alieleza pia juu ya machifu wa Kiswazi waliozuru Uingereza kudai ardhi yao. Waliporudi, walichokikumbuka kuliko vyote ni askari wa barabarani aliyeinua mkono kuongoza magari. Kwao, mkono ulioinuliwa ni salamu. Ugenini, ishara hiyo iliwakumbusha nyumbani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Bartlett na wenzake walichunguza uchovu wa marubani. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1948, na akafariki dunia tarehe 30 Septemba 1969 mjini Cambridge.

Kazi yake ina uzito hadi leo, hasa pale ambapo mali, ardhi au uhuru wa mtu hutegemea neno la shahidi. Mashahidi wawili wa tukio moja wanaweza kutofautiana, na wote wawili wakawa wakweli wa nia. Kwa hiyo anayeamua kati yao hana budi kutafuta ushahidi mwingine, na asifanye haraka kumwita mmoja wao mwongo.