Nain Singh: Mwalimu Aliyepima Nchi kwa Hatua

Ndugu msomaji, sisi wa Rongai tukitazama vilima vya Ngong tunasema huo ndio mlima. Basi mji wa Lhasa, huko Tibet, uko juu kupita kilele cha Ngong kwa zaidi ya mita 1,000! Zamani hizo nchi hiyo ya Wabudha ilifungiwa wageni, na mpelelezi akishikwa angeweza kuuawa.

Nain Singh alizaliwa mwaka wa 1830 katika kijiji cha Milam, milima ya Himalaya, India. Alikuwa mwalimu wa shule. Waingereza walitaka ramani ya Tibet, lakini wao wangejulikana mara moja. Kwa hivyo walimfunza yeye kutembea kwa hatua zilizo sawa, 2,000 kwa kila maili.

Alisafiri mwaka wa 1865 akijifanya mhujaji. Tasbihi ya Wabudha ina shanga 108, lakini yake ilikuwa na 100. Kila hatua ya mia alisukuma ushanga mmoja. Vipimo aliviandika kwenye karatasi akazificha ndani ya kikopo cha sala, kile wanachozungusha mkononi. Aliingia Lhasa Januari 1866. Hatua alizohesabu safari nzima zilipita milioni mbili. Si mchezo!

Mwaka wa 1877 chama cha jiografia cha London kilimtunukia nishani ya dhahabu, kama kilivyowatunukia Speke na Stanley. Hao wawili tunawajua sana darasani. Wenzangu, tukifungua ramani tumkumbuke na mwalimu huyu. Haba na haba hujaza kibaba.