Carl Meinhof: sikio zuri, kitabu kibaya

Ku Rubaya kama vile ku Bisie, mtu anafungua kinywa tu, na wenzake wamekwisha kujua ametoka wapi. Mmoja anasema namna ya Masisi, mwingine namna ya Walikale, mwingine namna ya Shabunda. Mu giza la shimo, sikio linachagua watu mbele ya macho. Kwa sababu hiyo tunawaletea leo maisha ya Carl Meinhof, Mjerumani aliyesikiliza lugha zetu kuliko wazungu wengi wa wakati wake, kisha akaandika kitabu ambacho tungali tunalipa deni yake.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1857 mu kijiji cha Barzwitz, Pomerania. Baba yake alikuwa pasta. Yeye mwenyewe alifundisha shule kwanza, na mu 1886 akawa pasta wa Zizow, parokia ndogo ya mashamba. Huko njo alikutana na Njo Dibone, Mduala wa Kameruni, ambaye alimfundisha Kiduala. Wanaosimulia maisha ya Meinhof wanapita haraka juu ya Dibone. Sisi tunaona kama bila kinywa cha huyo Mwafrika, sikio la pasta lingebaki bila kazi.

Mu 1899 Meinhof alitoa kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu. Alitaka kuonyesha kama sauti hazigeuki ovyo. Kila moja inageuka kufuatana na jirani yake, na kuna sheria.

Mifano iko mu kinywa chetu sisi wote. Tunasema ulimi, lakini zikiwa mingi tunasema ndimi: ile l, ikikaa karibu na n, imekuwa d. Tunasema urefu, lakini njia ni ndefu (hata kama wengi wetu ku barabara tunasemaka njia murefu, na tunasikilizana vizuri). Kwa Waganda jambo linaenda mbali zaidi. Wao wanasema olulimi, na zikiwa mingi ni ennimi: hata ile d imemezwa, kwa sababu m inakuja nyuma na pua imekwisha kufunguka. Sheria hiyo wataalamu wanaiita mpaka leo sheria ya Meinhof, ao sheria ya Kiganda.

Inatoka wapi? Kinywa hakingojei. Weka kidole ku midomo, sema kitu, kisha sema kutu. Ile k ni moja mu maandishi, lakini kwa kutu midomo imekwisha kuviringana mbele ya u kufika. Na yule anayekusikiliza anashika alama hiyo: sikio lake linaanza kujua u ingali njiani. Msemaji na msikilizaji, wote wawili wanafanya kazi bila kuisikia.

Mu 1902 Meinhof alisafiri mpaka Zanzibar na Afrika ya Mashariki, na mu 1903 akaanza kufundisha Berlin. Mwaka ule ule alitangaza sheria nyingine, akaipa jina la mwanafunzi wake, misionere Edmund Dahl, aliyeiona mu Kinyamwezi. Hii inagusa Masisi moja kwa moja. Mu Kinyarwanda watu wanasema kugura na kubona, lakini gukora na gusoma. Kwa nini si kukora? Kwa sababu k ya mbele haipendi kukaa karibu na k, t ao s ya nyuma, basi inalegea na kuwa g. Wakikuyu wa Kenya wanafanya vilevile, njo maana kwao jina lao ni Gĩkũyũ.

Mu 1909 alihamia Hamburg, akawa profesa wa lugha za Afrika. Mu 1910 paliwekwa huko laboratware ya sauti, na mashine ya kuandika pumzi ya msemaji juu ya karatasi yenye masizi. Kufika hapo tungemsifu tu.

Lakini mu 1912 akatoa kitabu juu ya lugha za Wahamiti. Mu kitabu hicho aliacha kipimo chake cha sauti, akachanganya sarufi na rangi ya ngozi, umbo la mwili na ufugaji wa ng'ombe. Wamasai, Wafulani na Wanama akawatia mu fungu moja, la watu waliokuja kutawala. Hata Wabantu, kwake, walitokana na mchanganyiko wa Wahamiti na weusi. Hakuwa wa kwanza: Mwingereza Speke aliandika mambo ya namna hiyo mu 1863. Lakini Meinhof aliyapa kiti cha profesa, na wakubwa wa ukoloni wakafurahi kuyakuta mu vitabu vya shule. Ndivyo neno Mhamiti lilivyotembea mpaka Rwanda, Burundi na Kivu. Mpaka leo kuna wanaolitumia juu ya jirani kama tusi, na wengine juu yao wenyewe kama cheo, ijapo Mtutsi, Mhutu na Mtwa wote wanasema gukora na kugura kwa sheria moja.

Mu 1933 Meinhof aliingia mu chama cha Hitler. Alikufa Greifswald tarehe 11 Februari 1944. Nyuma yake, Mmarekani Joseph Greenberg alibomoa fungu la Wahamiti: Kifulani kikarudi karibu na jamaa zake wa Afrika ya Magharibi, Kimasai kikaenda na lugha za Naili. Na mu 1948 Mwingereza Malcolm Guthrie alipanga lugha za Kibantu kwa zone. Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kikumu na Kilega, zote tano alizitia mu zone moja, zone D.