John Scott Haldane: Mwanasayansi aliyeifuatilia hewa inayoua bila harufu

Kila msimu wa utalii, boti huondoka katika fukwe za Pemba, Mafia, Watamu na Bazaruto nchini Msumbiji zikiwa zimebeba mitungi ya wazamiaji. Kwa kawaida mitungi hiyo haina oksijeni tupu, kama wengi wanavyodhani, bali hewa hii hii tuivutayo, iliyoshindiliwa kwa mashine ya kompresa. Iwapo mashine hiyo itavuta moshi wa injini iliyo jirani, au mafuta yake yataungua kwa joto kupita kiasi, gesi ya kaboni monoksaidi huingia mtungini. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu wala ladha. Ndiyo hiyo hiyo iuayo watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Miongoni mwa waliotufundisha jinsi gesi hiyo inavyoua, na jinsi ya kuibaini kabla haijaua, jina la John Scott Haldane hutajwa mbele. Hakuwahi kuuona mtungi wa kisasa wa kuzamia, kwani alifariki dunia mwaka 1936. Hata hivyo, usalama wa mzamiaji wa leo umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi yake.

Kutoka Edinburgh hadi mashimo ya makaa

Haldane alizaliwa mwaka 1860 mjini Edinburgh, Scotland, katika ukoo wenye jina. Kaka yake, Richard, alikuja kuwa waziri katika serikali ya Uingereza. Yeye alichagua udaktari, akahitimu mwaka 1884 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akahamia Oxford alikotumia sehemu kubwa ya maisha yake. Hakuvutiwa na kutibu wagonjwa kitandani. Alichotaka kujua ni kile ambacho watu walikivuta puani majumbani, viwandani na chini ya ardhi.

Mwezi Januari mwaka 1896, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, uliwaua wachimbaji 57. Haldane alifika huko kuichunguza miili. Wakati huo ilidhaniwa kwamba katika ajali za namna hiyo watu huuawa na kishindo na moto. Yeye aliona jambo jingine: wengi wa marehemu hawakuwa na majeraha ya kutosha kuua, na ngozi zao zilikuwa na wekundu usio wa kawaida. Damu yao ilikuwa imejaa kaboni monoksaidi. Katika ripoti aliyoiwasilisha serikalini mwaka huo, alieleza kwamba muuaji mkuu ni hewa inayobaki baada ya mlipuko.

Alikwisha kuijua gesi hiyo kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka uliotangulia, aliivuta kwa makusudi katika maabara kwa zaidi ya saa moja, huku akipima matone ya damu yake, mpaka zaidi ya nusu ya uwezo wa damu hiyo kubeba oksijeni ukawa umetekwa. Siri ya sumu hiyo ni kwamba hushikamana na hemoglobini, kibebaji cha oksijeni katika damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kiasi kidogo tu hewani chatosha kumdhoofisha mtu, na akili huvurugika kabla mwenyewe hajatambua kwamba yumo hatarini.

Kwa sababu hiyo Haldane alisisitiza kwamba hisia za binadamu haziaminiki. Alipendekeza wachimbaji na waokoaji wabebe wanyama wadogo, panya na baadaye ndege aina ya kanari, ambao hupumua haraka na huzidiwa mapema kuliko binadamu. Kanari akianguka, watu walijua wana dakika chache za kuondoka. Ndege hao waliendelea kutumika katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986, vipimo vya kielektroniki vilipochukua nafasi yao.

Panya, mbuzi na wazamiaji

Mwaka 1895 Haldane alifanya jaribio jingine ambalo wazamiaji wangepaswa kulifahamu. Alimweka panya katika chombo chenye kaboni monoksaidi ya kumuua, lakini pamoja na oksijeni yenye shinikizo kubwa. Panya aliendelea kuishi. Oksijeni ilikuwa imeyeyuka moja kwa moja katika majimaji ya damu, ikamtosha bila msaada wa hemoglobini.

Kwa mzamiaji, somo hilo lina pande mbili. Katika kina cha mita 30, shinikizo ni mara nne ya lile la juu, hivyo sehemu 10 za sumu katika milioni huingia mwilini kama sehemu 40. Wakati huo huo, oksijeni iliyoyeyuka humtegemeza, naye aweza kujiona mzima. Anapopanda juu, tegemeo hilo hupungua ilhali sumu ingali katika damu. Ndipo huja kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata kuzimia majini. Lakini ugunduzi huo huo ulifungua njia ya tiba: mwathirika hupewa oksijeni mara moja, na aliyezidiwa sana aweza kutibiwa katika chumba cha shinikizo.

Baadaye jeshi la majini la Uingereza lilimwomba Haldane awasaidie wazamiaji wake, waliokuwa wakipooza na kufa baada ya kupanda kutoka kilindini. Kwa kutumia mbuzi katika chumba cha shinikizo, yeye na wenzake Boycott na Damant walionyesha kwamba mzamiaji hana budi kupanda kwa vituo. Jedwali zao, zilizochapishwa mwaka 1908, ndizo chimbuko la zile zilizo katika saa za kompyuta za wazamiaji leo.

Kazi iliyobaki mikononi mwetu

Haldane hakupumzika uzeeni. Alisafiri hadi Uajemi na Iraki kuchunguza madhara ya joto kali kwa wafanyakazi wa mafuta, na mara baada ya kurejea Oxford, mwezi Machi mwaka 1936, alifariki kwa homa ya mapafu.

Leo nafasi ya kanari imeshikwa na kipimo kidogo kinachoenea mkononi. Valvu ya mtungi hufunguliwa taratibu, hewa ikapita kwenye kipimo, na jibu huonekana baada ya muda mfupi. Viwango vya Ulaya na Marekani huruhusu sehemu 5 hadi 10 tu za kaboni monoksaidi katika milioni. Yapasa kupima kila mtungi, kwani mmoja mchafu waweza kuwa kati ya kumi iliyo salama. Kompresa nyingi zina kichujio cha kuibadili gesi hiyo, lakini kichujio kikipata unyevu hupoteza nguvu. Bomba la kuvutia hewa nalo liwe mbali na moshi, upande upepo unakotokea.

Wako wazamiaji wanaoona haya kumwomba mwenyeji wao apime, wakichelea kuonekana hawamwamini. Wako pia mabaharia na wasaidizi wa boti wanaozamia kila siku kwa mitungi hiyo hiyo bila kuulizwa. Tangu Tylorstown imejulikana kwamba gesi hii haitambulikani kwa pua wala kwa uzoefu. Anayeomba mtungi upimwe hamtuhumu mtu. Anafanya kile ambacho mchimbaji alikifanya alipomtazama kanari wake kabla ya kuingia shimoni.