Mwana wa Mfinyanzi

Tarehe 8 Julai, 1950, alifariki dunia Siti binti Saad, na tangu siku hiyo jina lake halijatoka vinywani mwa watu wa visiwa hivi. Lakini aghalabu tumtajapo huutaja utukufu wake: sahani za santuri, safari ya Bombay, na kuimba mbele ya wakubwa. Sisi leo twapenda kuvitaja vyungu.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu maskini wasio na mali ila mikono yao. Shule hakupelekwa, alifunzwa kufinyanga. Nyumba ile ilikula kwa vyungu. Chungu kikipasuka motoni, jasho la siku kadhaa limekwenda bure. Kikitoka salama, hupasa kichukuliwe hadi mjini, na huko mnunuzi ndiye mwenye kauli ya bei. Binti huyu alinadi bidhaa yake kwa sauti iliyowafanya watu wamjue kabla hawajamwona. Sauti iliyokuja kusifiwa pwani nzima, basi, mwalimu wake wa kwanza alikuwa ni haja ya chakula.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, mtaa wa vibarua, wachukuzi na wengi waliowahi kuwa watumwa. Ali Muhsin akamfundisha kuimba. Taarabu ya majumba makubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, nayo ikawafikia wanyonge. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwapeleka Bombay kurekodi.

Hapo ndipo hasidi walipoamka. Walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa shamba alikotoka na kwa umaskini wa mavazi yake. Angeweza kuikana Fumba, kama wengi walivyofanya zama zile kwa kujitafutia nasaba ng'ambo ya bahari. Siti hakuikana. Alijibu kwa wimbo kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya akili, na jibu hilo likaishi kuliko matusi.

Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja vilivyobeba vibanda vyao. Nyimbo za kundi la Siti zilikuwa za watu hao: karani aliyekula fedha, mahakama yenye kupendelea, na Kijiti, mwuaji aliyekimbilia bara akiwaacha wanawake mashahidi kubeba lawama.

Marehemu Shaaban Robert alionana naye katika uzee wake, akaandika wasifu wake. Kitabu hicho twawaomba maofisa wetu wakisome, hasa wenye kukadiria ushuru wa akina mama wanaokuja mjini na mizigo kichwani.